Mchezo Uliohamishwa na Mchezaji Wake

Wahakiki wa michezo ya televisheni wana desturi moja iliyokwisha kuwa kama sheria. Mchezo uliozaliwa katika mashine kubwa ya sarafu ukihamishwa na kutiwa katika mashine ndogo ya nyumbani, swali la kwanza waulizalo ni hili: umeikaribia asili yake kwa kiasi gani? Ukiikaribia husifiwa, ukiwa mbali nayo hudharauliwa. Kipimo hiki ni chepesi kutumia, maana chahitaji macho tu ya kulinganisha picha mbili. Lakini ndani yake mna sharti ambalo wakitumiao hawalitaji, nalo ni kwamba mchezaji awe amekwisha kuiona asili. Asiyeiona hana la kulinganisha.

Yafaa kipimo hicho kipelekwe Matambarale kikajaribiwe. Matambarale ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera iliyo jirani na Nachingwea, nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi. Mwaka 1978, mashine ya Space Invaders ilipotolewa Japani na kampuni ya Taito, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973, tena cha rangi; Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kompyuta nazo zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu mwaka 1974. Basi wakati vijana wa Tokyo walipokuwa wakitoa sarafu zao mbele ya mashine ile, mkulima wa Ruangwa hakuwa na mahali pa kuiona, wala kioo cha kuionea. Mchezo huo ukimfikia mjukuu wake leo, wamfikia katika umbo la pili au la tatu: kaseti ya mashine ya nyumbani, nakala ya bei nafuu iliyochomekwa katika televisheni, au simu ya mkononi iliyofundishwa kuigiza mashine ya zamani. Kwake yeye umbo hilo si kivuli cha kitu kingine. Ndilo kitu chenyewe. Ikiwa kipimo cha wahakiki ni cha haki, kijana huyu amenyimwa mchezo kabla hajaugusa. Na ikiwa hakunyimwa, basi kipimo kina dosari, na dosari hiyo yastahili kutafutwa.

Asili ielezwe kwanza, maana hata asiyekuwa nayo ana haki ya kujua ilikuwaje. Space Invaders, yaani wavamizi watokao angani, ulitungwa na Tomohiro Nishikado. Katika kioo kilichosimamishwa wima, wavamizi 55 hujipanga safu 5, kila safu watu 11, kama waweza kuitwa watu. Huenda upande mmoja kwa hatua za pamoja mpaka mmoja wao aguse ukingo. Hapo wote hushuka hatua moja, hugeuka, na huanza safari ya kurudi. Chini kabisa pana mzinga mmoja tu. Mzinga huo hauwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma. Waweza kwenda kushoto na kulia basi, na hauruhusiwi kupiga risasi ya pili mpaka ya kwanza iwe imepata au imepotea. Kati ya mzinga na jeshi pana ngome 4 za kujificha, nazo hulika kidogo kidogo kwa risasi za adui, na kwa risasi za mwenye kujificha pia. Safu mbili za chini hutoa alama 10 kwa kila mvamizi, mbili za katikati alama 20, na ya juu alama 30. Hivyo jeshi zima, bila ya chombo cha siri kipitacho juu mara kwa mara, ni alama 990. Likiisha, jingine hutokea, tena limeanza chini zaidi kuliko la kwanza. Ushindi hakuna. Liliopo ni kuchelewesha tu.

Sauti yake ni noti nne za chini zirudiwazo bila kukoma, mfano wa hatua za miguu au mapigo ya moyo, nazo huenda mbio zaidi kadiri jeshi lipunguavyo. Rangi hazikuwamo katika kioo chenyewe. Picha ilikuwa nyeupe juu ya weusi, na juu ya kioo palibandikwa vipande vya plastiki ya rangi, kiasi kwamba mvamizi alibadilika rangi kwa kushuka tu. Hila hiyo ni ya kimaskini, tena ni nzuri.

Lakini jambo lililoupa mchezo huu nafsi halikupangwa na mtungaji. Prosesa aliyoitumia Nishikado, Intel 8080, haikuwa na nguvu ya kuwachora wavamizi 55 kwa mara moja. Iliwachora mmoja baada ya mmoja, na kwa hiyo jeshi kamili lilikwenda polepole. Kila mvamizi alipouawa kazi ya mashine ilipungua, na waliobaki wakaenda upesi zaidi, hata yule wa mwisho akawa anakimbia kutoka ukingo mmoja hadi wa pili mithili ya mwenda wazimu. Nishikado aliliona jambo hilo akaliacha. Akili yake ilikuwa hapo, katika kuacha. Maana kwa udhaifu huo wa chombo, mchezo ulipata kanuni ambayo mtunzi wa tanzia angeionea fahari: kila ushindi wa mchezaji humwongezea hatari, na adui mmoja aliyesalia ni wa kutisha kuliko jeshi zima.

Hapa ndipo penye mzizi wa suala la kuhamisha, na njia iliyo nyepesi ya kulionyesha ni kwa mchezo ambao Matambarale wanaujua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Bao lichongwalo kwa mninga na bao lichimbwalo katika mchanga chini ya mwembe ni bao lile lile. Hakuna mchezaji asemaye kwamba la mchanga ni tafsiri ya la mti, wala asiyejua kuteka atapona kwa kubadilishiwa ubao. Sababu ni kwamba bao lote limo katika kanuni zake. Ubao ni mahali pa kuweka kete tu. Mti ukioza, bao halikuoza.

Space Invaders si hivyo. Sehemu kubwa ya mchezo huo imo katika kanuni, na sehemu nyingine imo katika mwili wa mashine: katika uzito wa prosesa, katika kioo kilichosimama, katika plastiki ya rangi, katika makosa ya hesabu yasiyosahihishwa. Wachezaji wa Japani waligundua kwamba wavamizi wakiachwa washuke hadi mstari wa mwisho juu ya mzinga, risasi zao hutokea chini mno na haziwezi tena kuupata mzinga. Wakaifanya kasoro hiyo kuwa ustadi, wakaiita pigo la Nagoya. Kasoro ya namna hiyo haiandikwi katika kanuni. Mwenye kuuhamisha mchezo wa bao abeba kanuni peke yake. Mwenye kuuhamisha mchezo wa Nishikado ana mambo mawili ya kubeba, na la pili halibebeki. Analoweza kufanya ni kutafuta katika chombo kipya sababu mpya itakayozaa athari ile ile. Kazi hiyo ndiyo wafasiri wa mashairi waijuao tangu zamani.

Aliyeifanya ni Rick Maurer wa kampuni ya Atari, na kazi yake ilitoka mwaka 1980. Huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa sarafu kuhamishwa kwa leseni na kuingizwa katika mashine ya nyumbani, nao uliwafanya watu wengi wainunue mashine hiyo kwa ajili ya kaseti moja tu. Chombo alichopewa Maurer kilikuwa kidogo mno kiasi cha kuchekesha. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128. Haikuwa na nafasi ya kuhifadhi picha nzima, kwa hiyo programu ililazimika kuichora picha mstari kwa mstari, papo kwa papo, ikikimbizana na mwali wa televisheni. Na kwa vitu viendavyo juu ya kioo, mashine ilijua maumbo mawili makubwa tu, lile la mchezaji wa kwanza na lile la wa pili, pamoja na risasi zao na mpira.

Maumbo mawili, naye alitakiwa kuleta jeshi. Lakini kila umbo liliweza kuamriwa lijirudie mara tatu katika mstari mmoja. Mbili mara tatu ni sita. Basi jeshi la Maurer lina wavamizi sita katika safu, na safu sita, jumla 36. Mhakiki wa ukaribu atahesabu hapo upungufu wa wavamizi 19. Atazamaye kwa jicho la ushairi ataona mizani. Mtunzi wa shairi la Kiswahili apewapo mizani 16 katika mstari halalamiki kwamba lugha ina maneno marefu kuliko nafasi; hutafuta neno lenye silabi zinazoingia. Sita ni mizani ya chombo kile, na Maurer aliijaza sawasawa bila kulazimisha wala kupwaya. Hata alama alizipanga upya kwa mantiki ya safu zake: 5, 10, 15, 20, 25, 30 kutoka chini kwenda juu, jumla 630 kwa jeshi zima. Katika asili safu mbili za jirani zilikuwa na thamani moja. Kwa Maurer kila hatua ya juu ina bei yake, na mchezaji ajitahidiye kuichagua ile ya juu kwanza hujiweka katika hatari ambayo asili haikuipima kwa makini kiasi hicho.

Na mbio? Katika asili mbio zilitokana na uchovu wa mashine. Katika kaseti ya Maurer wavamizi huenda mbio wapunguapo kwa sababu mtungaji aliandika waende mbio. Lililokuwa ajali limekuwa nia. Hili ndilo jambo lenye thamani kuu katika kazi yake, na ndilo wahakiki wa ukaribu wasiloliona, kwa kuwa picha haionyeshi sababu. Maurer alitambua kwamba hofu ile ndiyo maana ya mchezo, akaifasiri maana. Idadi ya wavamizi aliipoteza bila majuto.

Nchi ya Nachingwea yenyewe ina mfano wa uhamisho wa namna nyingine, nao haukuwa mchezo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika, kwenye sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fikira yake ilikuwa kuchukua kilimo cha mashine cha nchi nyingine, mashamba mapana na matrekta mazito, na kukiweka jinsi kilivyo juu ya udongo ambao haukupimwa vya kutosha. Matrekta yalipokosekana, vifaru vya Sherman vya vita vilivunjwa vikafanywa matrekta, navyo havikufaa. Huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu hata karanga zikagoma kung'oka. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka Mtwara, na bandari ya kina kirefu pia. Mpango ukafungwa mwaka 1951, hasara ikiwa kama pauni milioni 36, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliouanzisha hawakukosa uaminifu kwa asili. Walikuwa nao kupita kiasi. Walileta kila kitu isipokuwa swali la chombo kipokeacho. Mtu akiuliza kuna haja gani ya kumsifu mtungaji wa mchezo wa watoto kwa kuhesabu mbili mara tatu, jibu ni kwamba watu wenye vyeo vikubwa walishindwa kufanya hesabu kama hiyo, na mizinga yao haikuwa ya kuchorwa.

Yafuata sasa sehemu iliyo ngumu zaidi. Kaseti ya Maurer ni umbo la pili, na mara nyingi si hiyo ifikayo katika vijiji vya Afrika. Kampuni ya Nintendo ilitoa Japani mwaka 1983 mashine ya nyumbani iitwayo Famicom, na Namco wakahamishia humo michezo yao ya sarafu ya ukoo wa Nishikado: Galaxian, ambao asili yake ni ya mwaka 1979, na Galaga wa mwaka 1981. Baadaye viwanda vya Asia viliinakili mashine hiyo bila ruhusa, vikaipunguza hata ikawa kipande kimoja cha silikoni, vikaiuza kwa bei ndogo Asia, Ulaya ya Mashariki, Amerika ya Kusini na Afrika. Kaseti zake hutangaza michezo maelfu, 9999 katika moja, na ndani yake mna michezo michache iliyorudiwa kwa majina mengine. Humo Galaxian na Galaga ni wenyeji wa kudumu. Mchezaji wa Galaga katika nakala hiyo anacheza uhamisho ulionakiliwa: kioo cha asili kilichosimama kimelazwa, nafasi ya juu imepungua, na aghalabu jina la wenye kazi limefutwa katika ukurasa wa kwanza.

Je, umbali huo ni wa kuukatia tamaa? Fasihi ya Kiswahili yenyewe yakataza jibu la haraka. Shaaban Robert alipotoa mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, hakuyatoa katika Kiajemi. Aliyatoa katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye naye, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikuwa amekwisha kuyachagua, kuyapanga upya na kuyaunganisha beti zisizokuwa pamoja. Kwa kipimo cha ukaribu, kitabu cha Shaaban ni nakala ya nakala. Lakini msomaji wa Tanga au wa Lindi aliyekisoma hakusoma upungufu; alisoma Kiswahili chenye vina, katika bahari aliyoizoea, juu ya mauti na mvinyo na kupita kwa siku. Vivyo hivyo Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, neno la kwanza la jina lile halikuwa la Shakespeare. Lilikuwa la Tanzania ya miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wapo waliosema amekosea neno, na kwa kamusi yamkini walikuwa na hoja. Kwa tamthilia alikuwa ameitia mahali pa kusimama.

Hata hivyo tofauti moja isifichwe. Jalada la Omar Khayyam wa Kiswahili lina jina la mtunzi na jina la mfasiri. Kaseti ya 9999 haina jina la mtu. Na kosa hilo halikuanzia kwa wezi wa Asia. Atari yenyewe, katika miaka ile, haikuandika majina ya watungaji juu ya kaseti zake, na baadhi yao waliondoka mwaka 1979 wakaanzisha kampuni yao ya Activision, kutajwa kwa majina kukiwa miongoni mwa madai yao. Maurer alibaki bila jina juu ya kazi iliyoiuza mashine ya bwana wake. Mwanafunzi wa fasihi ajuaye jinsi wanakili wa tenzi walivyotaja majina yao katika beti za mwisho, wakiomba dua kwa msomaji, ataona kwamba hapa pana upotevu wa kweli, mzito kuliko wavamizi 19. Mchezaji wa Matambarale hahitaji mashine ya asili ili aucheze mchezo. Ahitaji kujua kwamba uliandikwa na mtu, ili aweze kufikiri kwamba naye aweza kuandika.

Hoja nyingine yaweza kuletwa: kwamba mchezaji huyo, kwa kukosa asili, hukosa pia mazingira yake, yaani jumba lenye kelele, moshi, sarafu na wenzake walio nyuma ya bega. Ni kweli, na nakala zimebaki na makovu ya mazingira hayo yasiyoeleweka tena. Kwa nini mchezo huongezeka ugumu kwa kasi hata mtu akafa katika dakika chache? Kwa sababu mwenye mashine alitaka sarafu ya pili. Kwa nini alama ya juu ya kuwania huonyeshwa daima, wakati hakuna mgeni atakayeiona? Kwa sababu palikuwa na wageni. Nyumbani mambo haya ni kama ada za kwao zilizohamishwa na mtu asiyekumbuka tena sababu yake. Hapo kipimo cha ukaribu chafaa kitu, nacho ni kueleza makovu.

Lakini mchezaji huyo hakuja mikono mitupu, na hili wahakiki wa Ulaya na Marekani hawakulitia katika hesabu. Nishikado hakutaka, wala kampuni yake haikutaka, watu wapigwe risasi katika mchezo. Akawachora viumbe wenye mikono ya pweza, kwa kumkumbuka H. G. Wells na riwaya yake ya mwaka 1898 juu ya watu wa Mirihi waivamiao Uingereza. Naye Wells, katika sura ya kwanza ya riwaya ile, aliwakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowafuta wenyeji wa Tasmania. Kwa hiyo chini ya picha hii ya kitoto pana fikira nzito: itakuwaje kwenu, enyi mliovamia, mkivamiwa na wenye silaha za mbali kuliko zenu? Mchezaji wa London hupokea swali hilo kama ndoto mbaya. Nchi ya Wamwera haikuliota. Iliingia katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, mwaka ambao misheni ya Nyangao ilichomwa moto, na majeshi yaliyopangwa safu yalikuja kulipiza. Miaka 60 baadaye Nachingwea ilikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakijiandaa kuvuka Ruvuma. Neno mvamizi lina wazee wake huko.

Haisemwi kwamba kijana ashikaye fimbo ya kuongozea huwaza Maji Maji kila apigapo kitufe; michezo haifanyi kazi kwa namna hiyo, na mhakiki adaiye hivyo anajitungia hadithi. Lisemwalo ni dogo zaidi. Mzinga mmoja chini, usioweza kurudi nyuma, ngome zinazoliwa na pande zote mbili, safu za juu zishukazo kwa hatua zilizopimwa: picha hii ikisomwa kutoka Ruangwa yasomeka kwa upande aliouelekeza Wells, na yasomeka hivyo katika nakala mbaya kabisa sawa na katika mashine ya Taito. Umbali na jumba la sarafu haukuleta umbali na maana. Pengine umeupunguza.

Kazi ya Maurer ina kasoro zake, na haitafaa kuzipita kwa sababu tu ametetewa. Ngome zake ni tatu badala ya nne, na kimbilio limepungua ladha. Kioo kilicholala kimeifupisha safari ya kushuka, na pamoja nayo ile subira ndefu ya mwanzo, ambapo mchezaji wa asili alipata muda wa kujidanganya kwamba ana nafasi. Sauti zake ni kavu. Zaidi ya yote, kaseti hujivunia namna 112 za kucheza, na namna hizo nyingi ni hesabu tu: ngome ziendazo na zisizokwenda, mabomu yaendayo kwa mkondo wa nyoka, mabomu ya upesi, wavamizi wasioonekana, na kila mchanganyiko wa hayo. Aliyezikubali zote ameuza wingi, kama wauzaji wa 9999 watakavyouza baadaye. Wavamizi wasioonekana ni fikira nzuri, maana wafunga macho ya mchezaji na kumwachia mdundo peke yake. Mabomu ya nyoka ni pambo.

Katika wingi huo, hata hivyo, mna kitu ambacho mashine ya sarafu haikukijua. Mashine ya Taito iliwapokea wawili kwa zamu tu, huyu akifa yule aingie, kwa kuwa sarafu ni ya mtu mmoja. Kaseti ya nyumbani yaruhusu wawili wacheze kwa wakati mmoja, na katika baadhi ya namna zake wawili hao hupewa mzinga mmoja, mmoja akiuvuta kushoto tu na mwenziwe kulia tu. Jeshi lashuka, ngome zalika, na mzinga hauendi popote mpaka wawili wapatane. Hapana aya ya asili ambayo Maurer aliifasiri hapo. Aliitunga kwa ajili ya chumba chenye kioo kimoja na watoto wawili waliokaa mkekani, na wahakiki wa ukaribu, wakiwa na picha zao mbili za kulinganisha, hawana mahali pa kuiandika.